Mguu wa Jogoo Fakihi

Binadamu akipatwa na jambo, macho yake hukimbilia mbali kwanza. Ng'ombe akipunguza maziwa, ni kijicho cha jirani. Mkate ukiungua, ni kuni za mwaka huu. Kujitazama mwenyewe ni kazi tunayoiacha mpaka mwisho, na wengi wetu hatuifikii. Sisi wa huku milimani tuna nafuu kuliko watu wa tambarare, kwa kuwa lolote liharibikalo wakati wa baridi tunayo theluji ya kuisingizia. Na theluji ikishindwa kuubeba mzigo wote, yupo mkaza mwana.

Katika kijiji cha Tizi Wasif aliishi mjane mmoja jina lake Ito. Alikuwa mfumaji wa mazulia, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Rangi yake nyekundu aliichemsha mwenyewe kwa mizizi aliyoichimba kando ya mto, na wanawake wenzake waliojaribu kuiiga waliambulia kahawia. Kuhusu sufu alikuwa na miiko chungu nzima aliyoirithi kwa mama yake. Sufu ina baraka, alisema, kwa hiyo vipande vya nyuzi vinavyobaki kwenye kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia, havichomwi moto wala havitupwi jalalani pamoja na maganda. Kila alasiri alisimama kizingitini akakung'uta pindo la gauni lake, na vipande vile vikaenda na upepo uani ili ndege wavichukue wakajengee viota. Kwamba katikati ya majira ya baridi hakuna ndege ajengaye kiota, hilo halikumsumbua. Alikuwa akifanya hivyo tangu usichana wake.

Kipenzi chake kingine kilikuwa jogoo mweupe mwenye mkia mweusi. Jina lake Fakihi, kwa sababu aliwaamsha watu alfajiri kabla ya mwadhini, na kwa sababu alitembea amejaza kifua mithili ya mtu aliyehitimu vitabu vyote. Fakihi wa kweli, yule wa msikitini, alipolisikia jina hilo alicheka akasema kwamba mwenzake huyo ana sauti nzuri kumzidi. Ito alimlea tangu kifaranga ndani ya kikapu cha sufu kando ya jiko, mwaka ule aliofiwa na mumewe Raho. Tangu hapo, kila baridi ilipoingia na mwanawe Basu akashuka na kondoo kwenda malisho ya tambarare, sauti ya kiume iliyobaki nyumbani ilikuwa ya Fakihi. Ito alimpenda kupita kiasi na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu.

Vuli ya mwaka huo Basu alioa. Mkewe, Shama, alitoka vilima vya mizeituni kule chini. Alikuwa msichana mpole, mcheshi akishazoea watu, mwenye viganja vipana vya mtu aliyevuna zeituni tangu utotoni. Theluji aliijua kwa kuitazama kwenye vilele vya mbali, kuikanyaga hakuwahi. Harusi haijapoa, Basu akaondoka na kundi lake kama desturi, akawaacha wanawake wawili na jogoo wao.

Ito hakuwa mama mkwe mbaya. Alimfundisha Shama kuwasha jiko la kuni bila kuijaza nyumba moshi, na kuvaa soksi mbili za sufu, moja ikiwa imegeuzwa ndani nje. Tena alimkabidhi banda la kuku, kulifungua asubuhi na kulifunga jua likizama. Kwetu bibi harusi akikabidhiwa banda la kuku amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Shama alilijua hilo, na kila alipobeba pumba za kuku alijisikia kama amepewa kasri.

Ikaja theluji kubwa. Asubuhi Ito alitangulia kutoka, akakuta mlango wa banda uko wazi, komeo linaning'inia, na theluji imerundikana mpaka ndani. Kuku walikuwa wamejikunyata juu ya fito zao, na Fakihi katikati yao, amekasirika.

"Shama," Ito aliita. "Hebu njoo uone."

Shama alikuja mbio, shali imemwangukia mabegani.

"Jana ulifunga?"

"Nilifunga, mama."

"Ulifunga, au uliusukuma tu ukakimbilia jikoni?"

Shama alikumbuka baridi ilivyomuuma vidole, alikumbuka kukimbia. Komeo hakulikumbuka. "Nadhani nilifunga," alisema.

"Nadhani," Ito alirudia. "Huku juu, mwanangu, nadhani haifungi mlango."

Hazikupita siku nyingi Fakihi akaanza kuchechemea. Mguu wake wa kushoto ulivimba, kidole cha kati kikawa cha zambarau, kisha ncha yake ikaanza kuwa nyeusi. Ito alimkamata, akamlaza chali mapajani pake na kutoa hukumu bila kusita.

"Ameliwa na theluji," alisema, akamtazama Shama.

Tiba ikaanza. Kwanza aliusugua mguu ule kwa theluji yenyewe, kama walivyofanya wazee walioamini kwamba baridi huvutwa na baridi, na Fakihi akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Baadaye alileta kopo la lami ya mwerezi, ile tunayowapaka kondoo kwenye kwato zilizopasuka, akaupaka mguu mzima kutoka ukucha hadi goti, ukawa mweusi tititi. Lami hiyo kwetu ni dawa ya kila kitu. Kondoo akivunjika pembe atapakwa, mtu akiumwa jino atapakwa. Na kweli huponya mengi, ila ina tabia moja, kwamba ukishaipaka huoni tena kilichoko chini yake.

Ami Hadu, kaka yake marehemu Raho, alipita kuwajulia hali. Ndiye aliyekuwa akiitwa kuchinja katika shughuli zote za kijiji, mzee asiye na haraka na mpenda chai. Alimtazama Fakihi aliyesimama kwa mguu mmoja kando ya jiko.

"Shemeji, umemvisha buti?"

"Cheka tu. Bibi harusi wetu alimlaza mlango wazi."

Mzee alimnyanyua jogoo, akampapasa kichwa. "Ajabu. Undu wake huu wa kichwani mzima, mwekundu vilevile. Mimi niliowaona wameliwa na baridi, ilianzia kwenye undu. Na kuku wengine je?"

"Wazima."

"Mguu wenyewe ni huu mmoja tu?"

"Hadu, kazi yako wewe ni kisu. Umewahi kutibu kuku gani akapona?"

"Kwangu hawafiki kuugua," alisema Ami Hadu, akamrudisha jogoo mahali pake na kunyosha bilauri yake aongezewe chai.

Neno la maana lilikuwa limesemwa ndani ya nyumba ile, likapita kama mgeni asiyekaribishwa kuketi. Shama alilisikia, lakini alikuwa na hatia yake moyoni na hakuthubutu kulishika. Kila usiku kabla ya kulala alijaribu kulikumbuka lile komeo. Siku nyingine aliliona limefungwa, siku nyingine aliliona liko wazi, na mwisho akaamua kwamba mtu ambaye hana hakika ndiye mkosaji.

Kisha akaja Rabha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye kipaji cha kufika mahali penye msiba mdogo kabla haujapoa. Alikaa kwenye zulia, akanyosha miguu.

"Ito dada yangu, nasikia bibi harusi ameua jogoo."

"Hajafa."

"Bado," Rabha alisema kwa huruma kubwa. "Mimi nilisema toka mwanzo. Msichana wa mizeituni ataijulia wapi theluji? Kuna mabibi harusi theluji inawakataa, dada, na hilo halina mjadala."

Inafaa mjue uzito wa maneno hayo. Kwetu bibi harusi akirudishwa kwao katika baridi yake ya kwanza, husemwa kwamba theluji imemkataa, na hata mumewe akimfuata masika, huwa mke anarudi ameinamisha kichwa na hakiinui tena. Ito aliyajua hayo barabara. Lakini siku hiyo Fakihi hakuwa amekula kitu tangu asubuhi, na hasira ya mtu anayeogopa ni mbaya kuliko zote.

"Barabara ikifunguka nitampigia baba yake simu," alisema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Aje amchukue. Akapumzike kwao mpaka Basu apande."

Shama alikuwa akikanda unga. Aliendelea kukanda mpaka unga ule ukawa mgumu usiofaa kwa mkate, na machozi yakamdondokea ndani ya sinia. Alimpenda Basu. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba alikuwa ameipenda na nyumba yenyewe, harufu yake ya sufu na moshi, na hata mizaha ya yule mama mkwe aliyemwita "mwanangu" hata alipomgombeza. Tangu alasiri ile hakuitwa tena mwanangu. Aliitwa bibi harusi.

Fakihi akaacha kuwika. Alfajiri zikawa zinapita kimya, Ito anaamka jua limekwisha kupanda, anakaa mbele ya zulia lake na kufuma mistari anayolazimika kuifumua. Mwisho alikata shauri. Jogoo akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi. Kumwacha ateseke hadi afikie hapo ni dhambi juu ya hasara. Alimwita Ami Hadu aje Ijumaa asubuhi na kisu chake.

Ami Hadu akaja. Ito alikuwa ameketi mbele ya kitanda cha mfumi, ameupa mlango mgongo, mikono yake ikiwa juu ya nyuzi bila kufanya lolote. Shama alimwendea taratibu.

"Mama, naomba unipe mpaka adhuhuri."

"Ya nini?"

"Nimwoshe mguu. Ile lami inanuka. Hata kama anachinjwa, sitaki aende hivi. Mimi ndiye niliyemletea haya."

Ito hakugeuka. "Mwoshe basi. Maji ya moto yapo."

"Mimi sina haraka," alisema Ami Hadu, akavua kilemba na kujisogeza karibu na jiko. "Chai ipo?"

Kwa hiyo mchinjaji ndiye aliyempakata mgonjwa. Walimfunika Fakihi kichwa kwa kitambaa ili atulie, na mzee akamshikilia kwa mkono mmoja huku mwingine ukichovya mkate kwenye mafuta. Shama alijaribu maji kwanza, lami ikayacheka. Akaenda kuchukua mafuta ya zeituni katika debe alilopewa na baba yake siku ya harusi. Kule kwao kila kinachonata hutolewa kwa mafuta, iwe ulimbo mikononi au ubani kwenye nywele. Aliupaka mguu ule, akasubiri, akafuta kwa kitambaa, akapaka tena. Lami ilianza kulegea na kutoka vipande vipande. Alipoifikia ngozi akautia mguu kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, akauacha humo huku akimsemesha Fakihi maneno ya kwao, ambayo jogoo wa mlimani hakuyajua lakini aliyapokea.

Alipoutoa, uvimbe ulikuwa umepungua kidogo. Hapo ndipo alipoona. Kwenye shina la kile kidole cha kati, mahali kinapoungana na unyayo, palikuwa na mfereji mwembamba uliokizunguka pande zote, kana kwamba mtu amekifunga kwa makusudi. Nyuma ya mfereji nyama ilikuwa hai, yenye rangi yake. Mbele yake ndipo ulipoanza uvimbe na weusi. Shama alipitisha ncha ya ukucha ndani ya mfereji ule, na kitu kikainuka.

Ulikuwa uzi. Mafuta yaliifuta lami iliyobaki, na rangi ikatokeza, nyekundu. Kijiji kizima kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye nyekundu ile.

Nisimpambe Shama kupita kiasi. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa furaha, furaha ya moto ya mtu aliyelala na hatia akaamka hana. Alitaka kusimama aite Rabha, aite kijiji kizima. Kisha akainua macho akauona mgongo wa Ito, mabega yameanguka, mwanamke anayesubiri kusikia jogoo wake akichinjwa, na furaha ile ikampoa. Akafikiria jambo la pili. Ami Hadu alikuwa ameshughulika na mkate na hakuwa ameona kitu. Ingewezekana kuukata ule uzi na kuutupa motoni, jogoo apone, mama mkwe abaki na heshima yake, na yeye Shama abaki na lawama. Alipima hilo nalo. Lakini uzi ulikuwa umezama nyamani, na viganja vile vipana vilivyozoea kukonyoa zeituni matawini visingeuweza. Kama angelazimisha angekivunja kidole.

"Mama," aliita, "njoo unisaidie. Kuna kitu hapa kinataka mikono yako."

Ito alikuja ameshika mkasi wake mdogo na sindano butu ya kuinulia nyuzi, maana havimtoki mfukoni. Alipiga magoti, akavaa miwani, akainama. Mikono yake ilianza kazi kabla kichwa hakijaelewa. Iliutafuta mwisho wa uzi, ikaupata, ikauinua kwa sindano, ikakata, ikavuta taratibu. Uzi ukatoka mzunguko baada ya mzunguko, umejikaza kwa maji ya theluji, kwa sababu sufu ikilowa hukaza. Fakihi alitikisika mara moja akatulia. Ito aliusuuza uzi ule kwenye bakuli, akaulaza kiganjani.

"Shemeji," alisema Ami Hadu, aliyekuwa ameacha kutafuna, "huo si uzi wa—"

"Najua ni uzi wa nani, Hadu."

Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba Ito alikiri papo hapo. Hakukiri. Aliugeuza uzi ule kiganjani, kisha akauliza, "Umemfikiaje?" kana kwamba uzi una miguu.

"Uani, mama," Shama alisema kwa upole. "Labda ulimnasa alipokuwa akiparua."

"Zile ni za ndege. Naziweka kwa ajili ya ndege."

"Shemeji," alisema Ami Hadu, na hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anajibu tu, "ndege wa viota wamekwenda zao tangu vuli."

Ito akakaa chini sakafuni. Miwani ilimteleza hadi puani na hakuirudisha. "Basi ni mimi," alisema.

Shama alikuwa akiufunga mguu wa Fakihi kwa kitambaa safi, na kwa kuwa alikuwa mkweli mpaka kujiumiza, akasema, "Lakini mlango ulikuwa wazi, mama. Hilo labda lilikuwa kosa langu kweli."

"Mlango ulikuwa wazi na kuku wote wazima," Ito alijibu. "Undu mzima. Mguu wa pili mzima. Huyu mzee aliniambia, nikamfunga mdomo. Nilitaka iwe theluji, Shama, na theluji ilipokuwa haitoshi nikataka uwe wewe. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Na lami nimeipaka mimi, juu ya uzi wangu, nikaufunika." Machozi yalimtoka bila sauti. "Ungemwacha akachinjwa, nisingejua mpaka kufa."

Akaushika mkono wa Shama wenye mafuta na harufu ya lami, akaubusu. Kwetu mama mkwe hafanyi hivyo. Shama aliuvuta mkono upesi kwa aibu, akambusu yeye kichwani, kisha wote wawili wakalia kidogo, na Fakihi, aliyekuwa amebanwa katikati yao, akalalamika.

"Sasa mimi nimchinje nani?" aliuliza Ami Hadu.

"Kachinje maboga," alisema Ito, akijifuta uso. "Unabaki kula. Mwanangu, washa moto mkubwa, leo Ijumaa na hakuna aliyepika."

Walikula kuskusi ya maboga na dengu kutoka sahani moja, na mzee akashuhudia kwamba hakuikumbuka nyama. Shama aliitwa mwanangu tena kabla sahani haijaisha, akainama ili wasione jinsi alivyofurahi.

Tangu siku hiyo Fakihi alilala ndani, kwenye kikapu kando ya jiko. Kila asubuhi Shama aliuosha mguu wake kwa maji ya vuguvugu na chumvi na kuupaka mafuta ya zeituni, na Ito alimshikilia, wakibishana kama maji yamezidi moto. Rangi ilirudi polepole kutoka unyayoni kuelekea mbele. Ncha ya kidole haikuokoka. Ilikauka ikadondoka yenyewe, bila damu, na Fakihi hakuonekana kuikumbuka. Mguu uliobaki ulikuwa mguu mzima. Asubuhi moja, kungali na giza, alisimama juu ya kitanda cha mfumi cha Ito akawika mle mle chumbani, na wanawake wote wawili wakashtuka kutoka usingizini wakicheka. Ito hakumfukuza. Alibaki amelala, akamsikiliza mpaka alipomaliza.

Jua likaanza kupata nguvu, barabara ikafunguka. Siku hiyohiyo Rabha akaja, na nyuma yake wanawake wengine wa mtaani waliokuwa wameadimika kwa baridi. Shama alileta chai na mkate wa moto. Fakihi alikuwa akipita uani, kifua mbele, akiweka mguu wake wa kushoto chini kwa madaha kidogo.

"Mashallah, amepona," alisema Rabha. "Lami yako haishindwi, Ito. Baridi ilimla, lami ikamtapisha. Na kule kwao umekwisha kupiga simu? Barabara ndiyo hiyo, wazi."

Wanawake wakamgeukia Ito. Shama alikuwa akimimina chai, na hakuinua macho. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba, litakalosemwa na lisemwe, yeye hatafungua kinywa. Ilikuwa rahisi kabisa kwa Ito kunyamaza. Lami ingepata sifa, theluji ingebaki na lawama, na bibi harusi angesamehewa kwa ukarimu wa mama mkwe wake. Hadithi hiyo ilikuwa tayari imekwisha kushonwa na Rabha. Kilichotakiwa ni kuivaa tu.

Ito aliweka bilauri yake chini.

"Nimempigia baba yake, ndiyo," alisema. "Nimemwambia binti yake haendi popote, na kwamba nina deni la heshima kwake. Theluji haikumfanya lolote Fakihi, Rabha. Ilianguka tu, kama kila mwaka. Alikuwa amefungwa uzi kidoleni. Uzi mwekundu, wa kwangu mimi, niliokung'uta mwenyewe kwenye gauni langu pale kizingitini. Nilimfunga jogoo wangu, nikamficha kwa lami, kisha nikataka kumfukuza mtu aliyekuja kumfungua. Kama umewaambia watu lile la kwanza, nakuomba uwaambie na hili."

Rabha alikunja miguu yake aliyokuwa ameinyosha. Mkono wake, pengine bila yeye kujua, ukaenda kulipapasa pindo la nguo yake mwenyewe. Shama aliendelea kumimina chai mpaka ikafurika bilauri ya mtu, naye hakuona. Na sisi tuliokuwapo tulirudi makwetu tukiwa na adabu zaidi kwa theluji, na kwa wakaza wana wetu pia, kwani kilichomla Fakihi hakikushuka kutoka mawinguni wala hakikuja na bibi harusi: kikulacho ki nguoni mwako.